Muulize Fundi: Tao la Sydney na Mlango wa Likoni

Toleo lililopita tulichapisha picha ya daraja la bandari ya Sydney, Australia. Tangu nianze safu hii sijapata barua nyingi hivi kwa jambo moja, na mbili nimekabidhiwa mkononi nikiwa nasubiri feri. Wanaonijua hawatashangaa kwamba nimefurahi. Kabla ya kuingia gudini Kilindini, ambako nilikata na kuunga mabamba ya meli miaka 31, nilikuwa nikipaka mitambo mafuta katika meli ya shehena. Mwaka 1979 meli yetu ilipita chini ya daraja hilo kwenda gati za Darling Harbour, upande wa ndani. Nilikuwa nimemaliza zamu, nikapanda sitahani na mikono yangu michafu, nikainua kichwa. Chuma kilipita juu ya mlingoti wetu taratibu, kikaziba jua, kisha jua likarudi. Siku ya pili nilipewa ruhusa ya kushuka nikalivuka kwa miguu, nenda rudi. Kwa hiyo nitakayowajibu leo mengine nimeyasoma, na mengine nimeyashika kwa kiganja.

Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Likoni. Katika ile picha sioni nguzo hata moja majini. Walipokuwa wakijenga, kabla pande mbili hazijakutana, ni kitu gani kilizizuia zisianguke? Mwalimu wetu wa fizikia amesema tukuulize wewe.

Marahaba mjukuu wangu, na mwalimu wako mpe salamu zangu.

Ukienda Mji wa Kale, ingia msikiti wowote wa zamani utazame tao la kibla. Fundi wa mawe hawezi kulijenga tao lile likielea hewani. Husimamisha fremu ya mbao kwanza, akapanga mawe yake kutoka kushoto na kulia, na muda wote huo ni mbao zinazobeba. Jiwe la katikati likishatiwa na chokaa kukauka, fremu huondolewa na mawe yanashikana yenyewe kwa kubanana. Nusu ya tao haina nguvu yoyote, ni mzigo tu unaotafuta pa kuangukia.

Sasa Sydney, fremu hiyo wangeisimamisha wapi? Kutoka mguu mmoja wa tao hadi wa pili ni mita 503, maji yana kina, na meli zilikuwa zikiingia na kutoka kila siku. Wakaamua kuzishika nusu zote mbili kwa nyuma. Kila nusu ilifungwa kamba za chuma 128, zikarudi nchi kavu, zikazama katika mahandaki yaliyochimbwa ndani ya mwamba kwa umbo la herufi U, zikatokea tena juu upande wa pili. Umewahi kuona mtu akiinama kuchota kisima chenye maji ya chini, na mwenzake amemshika kikoi kiunoni? Ndivyo hivyo. Anayeinama ni tao, na aliyeshika kikoi ni mwamba.

Juu ya kila nusu kulikuwa na kreni iliyotambaa. Ilijenga kipande mbele yake, ikakipanda, ikajenga kingine. Vipande vilikatwa katika karakana zilizokuwa ufukweni upande wa kaskazini, vikapakiwa kwenye matishari, vikavutwa hadi chini ya kreni na kunyanyuliwa. Kazi ya tao ilianza mwishoni mwa 1928. Kufika Agosti 1930 ncha mbili zilikuwa zimebakisha kama mita moja. Hapo hawakuongeza chuma. Walianza kulegeza zile kamba kidogo kidogo, usiku na mchana, na kila zilipolegea nusu zote mbili ziliinama mbele. Usiku wa tarehe 19 Agosti ncha zikakutana. Kesho yake wakapandisha bendera juu ya kreni zote mbili.

Baada ya hapo kamba ziliondolewa, na kreni zikaanza safari ya kurudi nyuma huku zikining'iniza sakafu ya barabara na reli kuanzia katikati kwenda pembeni. Watu wengi hudhani sakafu ilitangulia. La, sakafu inaning'inia kwenye tao kama ndoo kwenye mti wa hamali wa maji.

Na mwambie mwalimu akubali jaribio hili darasani. Chukueni ufito mbichi, mwembamba, mrefu kama mkono. Upindeni, ncha zake zikae kati ya matofali mawili juu ya sakafu yenye mchanga mkavu. Bonyezeni katikati kwa kidole. Ufito hauvunjiki, ila matofali yanasogea kwenda nje. Msukumo huo wa pembeni ndio siri ya tao. Tao halikandamizi chini tu kama nguzo, linasukuma. Daraja la Sydney linasukuma mwamba kwenye pembe nne, na katika kila pembe kuna pini nene ya chuma inayofanya kazi ya bawaba. Mzigo ukiwa kamili, kila pini hubeba tani kama 20,000. Kwa nini bawaba? Kwa sababu chuma hutanuka. Siku za joto kilele cha tao huweza kupanda hadi sentimita 18, kikashuka tena kwenye baridi, na bila bawaba kule miguuni kitu kingepasuka.

Kwa hiyo picha ya daraja kama hili usianzie kutazama juu. Anzia miguuni.

Bwana Fundi, salaam aleikum. Naona minara minne ya mawe, mikubwa kweli. Hiyo ndiyo inayobeba daraja, sivyo? Msomaji, Changamwe.

Waaleikum salaam bwana. Sivyo. Minara ile ina urefu wa mita 89, imevikwa mawe ya matale kutoka Moruya, kusini mwa Sydney, na haibebi tao. Waliijenga ili jicho lipate kuridhika kwamba kuna kitu kizito pale mwisho. Mimi mwenyewe nilidanganyika nilipokuwa sitahani, hadi nilipofika karibu nikaona tao linakwenda kutua kwenye pini zake chini na kuiacha minara imesimama kando.

Fundi, mimi ni fundi wa kuchomelea, Jomvu. Nasikia daraja lile lote limefungwa kwa ribiti. Kwa nini hawakuchomelea? Na ribiti inashika vipi wakati haina uzi kama bolti?

Kijana wangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Wenzako wa siku hizi wengi hawajawahi kuishika ribiti moto, ule msumari mnene wa chuma unaopondwa kichwa cha pili ukiwa tunduni, na mimi ni katika wa mwisho walioishika hapa Mombasa.

Daraja lilianza kujengwa mwaka 1923. Wakati ule kuchomelea kulikuwepo, lakini hakuna mhandisi ambaye angeweka treni na watu juu ya mshono wa kuchomelea wenye ukubwa ule. Ribiti ilikuwa imeaminika kwenye meli, maboila na madaraja kwa miaka mingi. Sydney zilipigwa kama milioni sita. Kubwa kuliko zote ilikuwa na uzito wa kilo tatu na nusu na urefu wa sentimita 39 na nusu. Pima kutoka kiwiko hadi vidole vyako vinapoanzia uone.

Nilipoanza gudini, tagi moja ya zamani, boti ya kuvuta meli, iliingia kubadilishwa mabamba, na mwenyewe alitaka irudishiwe ribiti kama ilivyoundwa. Fundi mkuu wetu, mzee wa Kibajuni aliyekuwa hapandishi sauti hata siku moja, aliniweka kwenye kudaka. Mpishi wa ribiti huwa na tanuri dogo la makaa na mvukuto. Ribiti ikitoka rangi ya chungwa lililoiva, hiyo ndiyo. Ikiwa nyekundu kama damu, imepoa, utaipiga mpaka uchoke na haitakaa. Ikiwa nyeupe na inarusha cheche, imeungua, itupe. Mpishi huichomoa kwa koleo na kuirusha. Wewe uko juu ya ubao na ndoo ya bati mkononi, unaisikia ikilia ndani ya ndoo, unaitoa kwa koleo lako, unaiingiza tunduni. Mwenzako anaiegemea kichwa kwa chuma kizito, na upande wa pili mpiga nyundo ya upepo anaiponda ncha hadi ifanye kichwa cha pili. Yote hayo ndani ya muda wa kusema Bismillahi mara chache, kwa sababu rangi ya chungwa haingoji.

Sasa jibu la swali lako. Ribiti imepigwa ikiwa moto. Ikipoa hufupika. Lakini vichwa viwili vimeshakaa pande zote, haviwezi kusogea, kwa hiyo inapofupika hubana mabamba kwa nguvu ambayo mkono wa spana hauifikii. Uzi hauhitajiki. Yule mzee alikuwa akipita asubuhi na nyundo ndogo, anagonga kila kichwa na kidole chake kimegusa upande. Nzuri hulia kama kengele. Iliyolegea hulia kama debe, na kidole kinahisi mtetemo. Iliyolia kama debe ilikatwa ikapigwa nyingine, hata kama ni saa ya chakula.

Nilipovuka daraja la Sydney kwa miguu, njia ya watembea kwa miguu ikiwa upande wa mashariki, kwa kiganja nilipapasa vichwa vya ribiti kwenye boriti zilizokuwa karibu. Watu waliokuwa wakipita walinitazama. Viko laini kwa sababu ya rangi nyingi zilizopakwa moja juu ya nyingine, ila havifanani. Kimoja kimekaa kidogo kushoto, kingine bapa zaidi. Nilijua kabisa pale palikuwa na mtu na mwenzake na mpishi wao, na kwamba kule juu ya tao, mita 134 kutoka baharini, wengine walikuwa wakirushiana vyuma vya moto hivyohivyo huku upepo unavuma.

Kuhusu rangi, kwa kuwa wewe unafanya milango na mageti Jomvu, nisikilize. Koti tatu za kwanza za daraja lile zilikula lita 272,000. Eneo la chuma ni mita za mraba 485,000, na kazi ya kupaka haina mwisho: wakifika mbali, walikoanzia kumeshadai rangi tena. Hewa yao ni ya chumvi kama yetu. Geti ulilochomelea leo usililaze uchi. Gonga ganda lote la mshono mpaka chuma king'ae, pitisha brashi ya waya, piga praima kabla jua halijatua. Nimeona mageti mapya ya pesa nyingi hapa mjini yanalia kutu ya manjano kabla ya mwezi, na kila mara ukikwangua unakuta ganda la kuchomelea limeachwa chini ya rangi.

Mzee wangu, habari za siku. Mimi ni mama wa Mtongwe, wanangu wawili wanafanya kazi kwenye majengo marefu Nyali. Nataka kujua tu, waliojenga daraja hilo walikufa wangapi?

Nzuri mama, na Mungu awalinde wanao. Walikufa watu 16 katika kazi ile. Kulikuwa hakuna kofia ngumu wala mikanda ya kujifunga kama wanavyotakiwa wanao kuvaa leo, na nakuomba uwaulize kila asubuhi kama wameivaa. Mmoja alianguka kutoka juu hadi baharini, mwezi Oktoba 1930, akasalimika. Jina lake Vincent Kelly, fundi wa mabamba. Alitoka na mbavu zilizovunjika akarudi kazini. Hadithi yake ndiyo inayosimuliwa sana, nami sipendi iwafiche wale 16.

Kuna wengine pia ambao hawakufa lakini waliumia. Kabla ya kazi kuanza, mamia ya nyumba zilibomolewa pande zote mbili kupisha daraja na barabara zake, na familia nyingi ziliondoka bila fidia.

Nikupe na jambo linalonipoza moyo. Wewe wa Mtongwe huhitaji kukumbushwa tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipozama mbele ya macho yetu na watu 272 wakafa. Mimi niliwabeba baadhi yao. Tangu siku ile, kila chombo na kila daraja nauliza swali moja tu, mzigo wake ulijaribiwa lini na kwa uzito gani. Sydney walilijibu. Februari 1932, kabla ya kumruhusu hata mtu mmoja kuvuka kwa safari yake, walipanga juu ya daraja vichwa vya treni vya mvuke 96, wakavisogeza huku na huku kwa siku kadhaa na kupima daraja limelala kiasi gani. Lilipofunguliwa tarehe 19 Machi, walijua.

Fundi, nakusalimu. Miaka 14 naendesha matatu ya Likoni na Ukunda, na feri imenimaliza. Kwa nini tusijengewe tao kama lile hapa kwetu? Upana wa mlango si mkubwa kuliko wa Sydney.

Ndugu dereva, upana sio tatizo. Kwanza tazama meli.

Daraja la Sydney lina uwazi wa mita 49 kutoka majini hadi tumboni. Kwa meli za 1932 ilikuwa ni nafasi ya kutosha na ziada. Leo meli kubwa za watalii hazipiti, lakini wao hawaumii sana, kwa sababu gati ya abiria ya Circular Quay iko upande wa baharini wa daraja. Meli inafunga kabla ya kulifikia. Sisi ni kinyume. Mbaraki, Kilindini, Kipevu, kila gati ya meli kubwa iko ndani ya mlango wa Likoni. Daraja litakalowekwa pale ni kizingiti juu ya mlango wa nyumba nzima. Likiwa fupi kwa mita tano, mjukuu wako atakuja kuona meli zikipita mbali kwenda bandari nyingine. Jumapili ukiwa umekaa ufukoni Mama Ngina na muhogo wako, meli ya makontena ikiingia, hesabu makontena yaliyopangwa juu ya sitaha kisha uongeze mlingoti. Utaelewa ninachosema.

Urefu huo una gharama ya pili. Barabara lazima ipande taratibu ili lori la saruji liweze. Sydney walibahatika kupata rasi mbili za mwamba, Dawes Point na Milsons Point, na bado daraja lao zima na miteremko yake lina urefu wa mita 1,149. Sisi pande zote mbili pako chini, na pamejaa nyumba, maduka na misikiti.

Tatu ni lile nililomwambia mwanafunzi wa jirani yako. Tao linasukuma kwenda nje. Mwamba wetu ni wa matumbawe, na aliyechimba kisima Likoni anajua kwamba unapiga mtaimbo na mara unasikia pango. Sisemi mhandisi hawezi kulimudu. Nasema ndiyo maana sishangai kwamba mpango wa serikali wa daraja la Likoni, unaosaidiwa na Japani, ni wa kebo zilizofungwa kwenye minara mirefu na si tao. Daraja la namna ile hutua uzito wake kwenye minara, na minara hukandamiza chini moja kwa moja. Napenda tao kuliko daraja lolote duniani, lakini kwa pale petu nakubaliana nao.

Usisahau pia kwamba hatuko mikono mitupu. Mwaka 1931, mwaka mmoja kabla ya Sydney, Nyali kulifunguliwa daraja la kuelea. Nililivuka utotoni nikiwa nimeshika mkono wa mama, mbao zikigonga chini ya magari, hadi la zege lilipokuja 1980. Mwaka 2021 wa miguu walipata daraja la kuelea la Liwatoni, lililofunguka katikati meli zipite. Na magari ya Kwale sasa yana njia ya Dongo Kundu. Kwako wewe wa Ukunda najua ni mzunguko mrefu na dizeli haishuki bei.

Pesa nayo uijue mapema. Sydney walivuka kwa ushuru tangu siku ya kwanza, peni sita kwa gari, peni tatu kwa mtu na farasi wake. Deni la ujenzi lilimalizika 1988. Hesabu mwenyewe: ni miaka 56. Aliyevuka siku ya ufunguzi amebebwa mgongoni alimaliza kulipa akiwa na wajukuu. Feri yetu mwenye miguu hatozwi senti, na jambo hilo lisije likapotea kimyakimya siku daraja litakapokuja.

Basi ikiitishwa baraza ya wananchi, njoo, usimwachie mwingine. Uliza kutoka maji ya bamvua, yakijaa kabisa, hadi tumbo la daraja ni mita ngapi. Uliza nyumba zilizo chini ya miteremko zitalipwa lini, kabla ya tingatinga au baada. Uliza mafundi wa kulikagua na kulipaka rangi wataajiriwa wangapi, na kama watatoka Likoni. Mimi huwa nakaa mstari wa mbele upande wa kinamama, kwa sababu ya masikio. Nishike bega unisalimu.